Ukienda Kazini, Nani Anabaki na Mtoto?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia ngumu, buti, miwani na kitambaa cha kuzuia vumbi. Leo tutazungumza juu ya usalama wa mtu ambaye hana kofia wala buti, na jina lake halimo katika orodha ya zamu. Ni mtoto wako wa miaka miwili, mitatu au minne. Yeye pia hukutana na hatari kila siku, tena saa zilezile ambazo wewe uko kazini.

Sikiliza kwanza habari hii. Asubuhi moja ya majira ya mvua, walileta kwenye dispensari yetu mtoto wa kiume wa miaka 2. Alikuwa akikohoa, akipumua mbiombio, na kinywa chake kilinuka petroli. Alikuwa amekunywa petroli ya taa kutoka katika chupa ya limonadi iliyowekwa chini ya meza. Baba yake alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala usingizi mzito. Mama alikuwa amevuka mto kwa mtumbwi tangu saa kumi na mbili, kwenda shambani upande wa Lubunga. Aliyemlinda mtoto ni dada yake wa miaka 9. Alipoona mdogo wake anakohoa, alikimbia kwa jirani, na jirani akampa mtoto mafuta ya mawese ili atapike.

Jirani alitaka kusaidia, lakini alikosea. Mtu akimeza petroli, hatari kubwa si ile iliyo tumboni, bali ile inayoingia mapafuni. Mtoto akitapika, petroli hupita kooni mara ya pili, na mara ya pili huweza kuingia mapafuni nyingi zaidi. Basi kumbuka: mtoto aliyekunywa petroli asitapishwe, asipewe mawese wala maziwa. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi yake kwa maji na sabuni, kisha umpeleke kwa munganga mara moja, pamoja na ile chupa.

Mtoto yule alilala hospitalini siku 6, akapona. Tulimshukuru Mungu. Lakini mimi nilibaki na neno moja moyoni. Nilipokuwa nikiandika habari zake katika kitabu, nilimwuliza yule dada yake, "Wewe uko kalasi gani?" Akajibu kwa sauti ndogo, "Niko kalasi ya pili, munganga. Lakini siku mama anaenda ku shamba, mie nabaki na mutoto." Nikamwuliza ni siku ngapi kwa juma. Akanionyesha vidole vinne.

Hapo nikaona kwamba ajali ile haikumpata mtoto mmoja. Iliwapata wawili. Wa kwanza alikunywa petroli. Wa pili alikuwa akipoteza shule yake, siku 4 kwa juma, na hakuna aliyemleta dispensari.

NANI ANALAUMIWA?

Usiharakishe kumlaumu mama. Mshahara wa baba peke yake haulishi nyumba. Shamba ndilo linaloleta muhogo, sombe na ndizi za lituma. Kazi ya mama ni kazi kama ya baba. Usiharakishe kumlaumu baba pia, kwani aliyefanya kazi usiku kucha lazima alale, la sivyo kesho yake ataumia kwenye mashine.

Zamani katika kijiji palikuwa na bibi, shangazi, mke wa kaka. Mtoto akitoka mikono hii aliingia mikono ile. Kambini na katika kartie za Kisangani, Mangobo, Kabondo, Tshopo, jamaa wengi wamebaki mbali. Nyumba ni ya baba, mama na watoto tu. Kazi ya ulezi iliyofanywa na watu watano sasa inamwangukia msichana wa miaka 9.

Je, kazi hiyo ina hatari gani? Kwa miaka yangu ya kazi nimeona watoto walioanguka katika moto wa makala na katika sufuria ya maji yanayochemka. Nimeona mtoto aliyetolewa katika mfereji baada ya mvua. Mji wetu una mito miwili mikubwa, Kongo na Tshopo, na mtoto wa miaka 3 haogopi maji. Na maji machafu nayo yana hatari yake: mwaka 2025 kolera ilipiga Tshopo, na mtoto mdogo akiharisha hukauka kwa saa chache, kabla mama hajarudi kutoka shambani.

Iko hatari nyingine inayotuhusu sisi watu wa migodi. Ni vumbi. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, watu walisaga mawe ya dhahabu karibu na nyumba zao, hata ndani ya viwanja. Mawe yale yalikuwa na risasi, ile metali nzito, siyo ya bunduki. Vumbi likakaa juu ya udongo ambao watoto walichezea, wakatia mikono kinywani. Watoto zaidi ya 400 walikufa, wengi wao chini ya miaka 5. Wale waliopona, baadhi yao walibaki na akili iliyoharibika. Hapa kwetu Tshopo tunao ndugu wanaochimba dhahabu upande wa Banalia na Bafwasende. Wengine huchoma dhahabu yenye zebaki kwenye moto wa jikoni, na mtoto amekaa pale akingoja chakula. Moshi wa zebaki hauonekani, lakini unaharibu ubongo wa mtoto. Usifanye hivyo kamwe nyumbani. Nawe unayerudi kutoka kazini, vua nguo za kazi, oga, ndipo umbebe mtoto.

HASARA ISIYOONEKANA

Kidonda cha moto kinaonekana. Iko hasara nyingine isiyoonekana, nayo ni kubwa.

Watu husema, "Mtoto mdogo hajui kitu. Ale, alale, akue. Akili itakuja shuleni." Maneno haya si kweli. Ubongo wa mtoto hukua upesi kupita wakati wowote mwingine wa maisha yake. Akifika miaka 5, ubongo wake umekwisha kukaribia ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Katika miaka hiyo anajifunza kusema, kutazama, kuuliza, kungoja zamu yake, kushika kitu kwa vidole, kujua kwamba akilia mtu atakuja. Ni kama msingi wa nyumba. Hakuna fundi anayejenga ukuta kwanza, halafu akarudi kuchimba msingi.

Na msingi huo haujengwi kwa chakula peke yake. Nitakupa mfano. Katika mji wa Kingston, nchi ya Jamaica, mwaka 1986 na 1987, wataalamu walichukua watoto 129 waliodumaa kwa sababu ya chakula kibaya, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Familia nyingine zilitembelewa na wasaidizi wa afya wa mtaani, saa 1 kwa juma, kwa miaka 2. Wasaidizi hao hawakuwa na mashine. Walileta vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya nyumbani, wakamwonyesha mama namna ya kuzungumza na mtoto na kucheza naye. Watoto hao walipofika miaka 22, wale waliotembelewa walikuwa wakipata mshahara mkubwa kuliko wenzao wasiotembelewa, kwa kadiri ya asilimia 25.

Fikiri, ndugu mfanyakazi. Saa 1 kwa juma! Wewe umewahi kuongezwa asilimia 25 ya mshahara kwa siku moja?

SHULE YA WATOTO WADOGO IKO WAPI?

Utasema, "Munganga, hiyo ni kazi ya shule." Ndiyo, na sheria inaitambua. Sheria ya elimu ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 inataja shule ya watoto wadogo, ile tunayoita matenele, ya miaka 3, kwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Lakini tazama hali ilivyo. Tangu mwaka wa masomo wa 2019, shule ya msingi ya serikali hailipiwi, na hilo ni jambo jema. Madarasa yamejaa. Matenele lakini bado inalipiwa karibu kila mahali, na nyingi ni za watu binafsi, katikati ya mji. Katika nchi yetu nzima, hata mtoto 1 kati ya 10 haipati.

Basi mtoto wa mfanyakazi anafika kalasi ya kwanza akiwa na miaka 6, hajawahi kushika kalamu, hajawahi kukaa na watoto 20 na kusikiliza. Anaingia katika darasa lenye watoto wengi kupita kiasi. Mwalimu hana nafasi ya kumwangalia. Mwaka ukiisha anarudia, au anaacha. Baba anasema, "Mtoto wangu hana akili." Akili alikuwa nayo. Hakuna aliyeifungulia mlango kwa wakati wake.

Wazazi wengine hujinyima sana wapate kulipa matenele ya bei kubwa. Wakifika wanaona rangi nzuri ukutani na mtoto amevaa sare. Lakini ndani watoto 50 wamekaa kimya kutwa, wakiimba herufi ambazo hawazielewi, na fimbo iko mezani. Bei kubwa si dalili ya ulezi mzuri. Kadhalika ulezi wa bei ndogo si lazima uwe mbaya.

MFANO KUTOKA MOMBASA

Ndugu zetu wa pwani ya Kenya walikuwa na shida kama yetu. Watoto wa familia maskini za Waislamu walikuwa wakibaki nyuma katika shule za msingi, na matenele nzuri zilikuwa ghali. Katika miaka ya 1980 viongozi wao waliomba msaada wa Aga Khan, na kazi ikaanza Mombasa. Mmoja wa walimu wa kwanza aliyeongoza kazi hiyo ni Bi Swafiya Said. Baadaye, mnamo miaka ya 1990, ilifika Zanzibar na Uganda.

Walifanyaje? Hawakungoja majengo mapya. Jumuiya ilitoa chumba, ikachagua kamati yake. Wanawake wa mtaa uleule, wengi hawakuwa na masomo marefu, walifundishwa kazi ya ulezi, kisha wakatembelewa mara kwa mara darasani ili wasirudi katika mazoea mabaya. Vitu vya kuchezea vilitoka hapohapo: vifuu vya nazi, mbegu, vizibo, vitambaa, mchanga. Watoto waliimba na kusikiliza hadithi katika lugha ya nyumbani kwao. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2008, uliofanywa Kenya, Uganda na Zanzibar, ulionyesha kwamba watoto wa shule hizo waliendelea vizuri katika akili kuliko wenzao waliobaki nyumbani.

Nazi sisi hatuna nyingi. Lakini tuna mbegu za mawese, mianzi, vizibo vya chupa, udongo wa mto, na hadithi nyingi za Kiswahili na Kilingala. Mtoto wa Kisangani anazisikia lugha hizo mbili tangu kuzaliwa. Huo ni utajiri, si kasoro. Kifaransa kitakuja kwa wakati wake, tena kitaingia upesi kwa mtoto aliyezoea kusema na kusikilizwa.

KAMPUNI NA WATOTO: TUJIFUNZE KWA YALIYOPITA

Wazee wanakumbuka habari za Katanga. Tangu miaka ya 1920, Union Minière ilianza kutaka wafanyakazi wake wakae na wake na watoto kambini. Ikafungua mahali pa kupimia watoto, kugawia maziwa, kisha shule za watoto wadogo na nyumba za mafunzo kwa akina mama. Haikufanya hivyo kwa upendo tu. Ilitaka wafanyakazi wasiokimbia, na watoto ambao kesho wangeingia mgodini. Hata hivyo, watoto wengi walipona kwa sababu ya kazi ile, na baada ya uhuru Gécamines iliiendeleza.

Lakini katika miaka ya 1990 kampuni ilianguka, na hospitali na shule zake zikaanguka pamoja nayo. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka. Familia zilizozoea kupewa kila kitu zilibaki mikono mitupu.

Somo ni hili: tuombe kampuni isaidie, kwani mfanyakazi ambaye moyo wake uko nyumbani hufanya makosa kazini, na kosa moja kwenye mashine lina gharama kuliko chumba cha watoto. Lakini tusiweke mzigo wote juu ya kampuni. Kituo cha watoto kiwe na mizizi kwa wazazi wenyewe, ili siku bei ya madini ikianguka, mlango wa kituo usifungwe.

TUNAWEZA KUANZA NAMNA GANI?

Tufanye hesabu. Tuseme watoto 20 wa miaka 3 hadi 5, na akina mama walezi 2. Kila mlezi anabebwa na familia 10. Kila familia ikiweka kando bei ya chupa 1 kubwa ya bia kwa juma, mwisho wa mwezi mlezi mmoja anapata bei ya chupa 40. Si utajiri, lakini ni malipo, naye hatakwenda shambani akawaacha watoto. Chumba kinaweza kuwa nyumba ya mikutano inayokaa bure asubuhi. Uji wa mahindi na soya, au wa mchele na karanga zilizosagwa, wazazi wanaweza kuchanga kwa zamu. Kampuni iombwe mambo matatu: paa zima na uzio, maji safi na choo, na muuguzi wa kutembelea kila mwezi.

Kabla hujamwacha mtoto wako mahali popote, pa bei kubwa au ndogo, ingia ndani, tazama kwa macho yako, uulize maswali haya:

1. Walezi ni wangapi? Mlezi mmoja asizidishe watoto 10 hadi 15 wa miaka 3 hadi 5. Wachanga wa chini ya miaka 2 wasizidi 3 au 4 kwa mlezi mmoja.

2. Je, kuna uzio, na mlango unaofungika? Mfereji, kisima, moto na barabara ya toleka na pikipiki viko mbali?

3. Maji ya kunywa yamefunikwa? Kuna sabuni karibu na choo?

4. Petroli, dawa na sabuni ya maji viko juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki? Hakuna kinachowekwa katika chupa ya limonadi?

5. Mlezi anazungumza na watoto, au anawafokea tu? Kama fimbo ipo, mrudishe mtoto nyumbani.

6. Watoto wanacheza, wanaimba, wanasikiliza hadithi? Mahali penye watoto wadogo pakiwa kimya kutwa, kuna jambo.

7. Mtoto akipata homa, wanakuita mara moja? Wanajua simu yako na njia ya dispensari?

8. Wanaangalia karatasi ya chanjo? Mtoto asiyemaliza chanjo yake huwaletea wenzake surua.

Juu ya mwisho huo, mama, usiache kumleta mtoto kwenye siku ya kupima watoto mpaka afike miaka 5. Tutampima uzito, tutampa vitamini A kila miezi 6, na tutapima mkono wake kwa ule utepe wa rangi. Mkono ulio chini ya milimita 125 unatuambia kwamba chakula hakitoshi. Chini ya 115 ni hatari; mtoto huyo atibiwe siku ileile.

NENO KWA AKINA MAMA WALIO KAZINI

Ninyi mliojifungua mnayo haki. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inampa mama majuma 14 ya kupumzika wakati wa kujifungua. Akirudi kazini naye ananyonyesha, ana haki ya mapumziko 2 kwa siku, kila moja nusu saa, yanayohesabiwa kama saa za kazi. Usione haya kuyaomba. Lakini mapumziko hayo yana faida gani kama mtoto yuko mbali, ng'ambo ya mji? Hapo tena tunarudi kwenye kituo kilicho karibu.

NENO KWA AKINA BABA

Baba, wengine wenu mmesoma mpaka hapa mkisema haya ni mambo ya wanawake. Mtoto aliyekunywa petroli alikuwa chumba cha pili, na baba yake alikuwepo nyumbani. Sikulaumu kwa kulala. Nakuomba kitu kidogo: kabla ya kulala, zunguka nyumba kama unavyozunguka mashine kabla ya kuiwasha. Moto umezimwa? Ndoo ya maji imefunikwa? Chupa iko wapi? Ukiamka jioni, mkalishe mtoto miguuni pako, umwambie ulichokiona njiani. Hata kama hajibu, anasikia. Hayo maneno yako ndiyo masomo yake ya kwanza, nayo hayalipiwi hata franka moja.

Juu ya yule dada wa miaka 9, nimalizie habari zake. Akina mama 6 wa mstari ule wa nyumba walikubaliana. Kila siku mmoja anabaki na watoto wa wote, watano wanakwenda shamba, na aliyebaki anachangiwa sombe na muhogo na wenzake. Bado si kituo. Hakuna uzio, na mvua ikinyesha wanabanana katika chumba kimoja. Lakini juma lililopita, saa za asubuhi, nilipita pale nikamtafuta yule msichana kwa macho, sikumwona. Nikauliza yuko wapi.

Wakanijibu kwamba amekwenda shule.